Nilivyokwenda Kitale Kumlilia Mama

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nisamehe, Mama. Nimekawia sana kukuandikia. Tangu Machi! Sina sababu nzuri. Nina mtoto, nina ng'ombe wa kukamua, nina mama mkwe. Na sikujua mtu anaanzaje kumwandikia mamake aliyezikwa bila yeye kuwepo.

Uliaga wiki ile ile niliyojifungua. Wewe Kitale, mimi Bungoma, kila mtu na kitanda chake. Waliniambia baada ya mazishi. Ati nisishtuke, maziwa yasikauke. Maziwa hayakukauka. Mimi ndiye niliyekauka. Mpaka leo sijalia hata tone.

Sasa habari. Mjukuu wako ni msichana. Kanisani anaitwa Joy. Nyumbani hana jina bado. Na analia! Asubuhi analia, mchana analia, akinyonya ananyamaza, akimaliza anakumbuka kwamba alikuwa analia. Mama Levi, ndiye mama mkwe wangu, anasema mtoto wa kulia hivi anadai jina la mtu aliyekufa. Mpaka hapo tunaelewana. Lakini yeye anataka jina la mamake, Nasimiyu. Mimi nataka lako, Nakhumicha. Nilimwambia Nasimiyu ni jina la mtoto wa kiangazi, na huyu amezaliwa watu wakipanda mahindi, matope mpaka magotini. Nakhumicha kabisa! Akajibu kwamba waliokufa hawaangalii mvua.

Kisha akaleta sheria. Mtoto hapewi jina la marehemu ambaye mzazi hajamlilia kaburini. Akaniuliza kama nimekulilia. Nikasema basi niende. Akasema binti aliyeolewa akikosa mazishi ya mamake hajiendei tu kama mtu anayeenda kusiaga unga. Anapelekwa na watu wa mumewe, na kuku, na sukari, na maneno ya heshima. Na Levi, mume wangu, yuko Nairobi kwa kazi ya mjengo mpaka Desemba.

Kutoa jina ni Jumapili hii.

Mama, kutoka hapa Ndalu hadi kwetu si mbali. Kukipambazuka bila mawingu naona Mlima Elgon wote nikiwa kwa zizi la ng'ombe. Wewe uko pale chini yake. Nakamua nikiuangalia. Nakuangalia.

Nitaenda. Nina mpango.


Jumanne, 5 Agosti

Mpango ni huu. Chama chetu cha akina mama hufanya ziara kila Agosti, shule zikifungwa na basi la shule likiwa halina kazi. Leo ilikuwa siku ya kuchagua pa kwenda. Katibu ni Linet, mke wa kaka mkubwa wa Levi. Linet ni mtu wa kuvaa viatu vyeupe Agosti. Alikuwa ameshaamua: tunaenda Chetambe, kule juu ya Webuye, tukaone mahali Wabukusu walipopambana na jeshi la wakoloni. Akasema ni historia yetu. Akasema mtu asiyetaka Chetambe hajipendi.

Wamama wakaanza kuitikia kwa vichwa. Nikaona kaburi lako linakimbia.

Nikasimama. Mama, sijui maneno yalitoka wapi! Nikasema Chetambe tumeiona, kila mtu hapa ameshapita Webuye. Nikasema Trans-Nzoia ndiyo ya kuonwa. Makumbusho ya Kitale yana nyoka hai. Mashamba ya wazungu bado yana zile nyumba za mawe. Halafu mapango ya Elgon, ambamo ndovu huingia gizani kuchimba chumvi kwa meno yao. Mama mmoja akauliza kama chumvi hiyo ni ya bure. Nikasema ya bure kabisa, ng'ombe akiilamba maziwa yanaongezeka. Sijui kama ni kweli.

Linet akauliza nani atatueleza hayo yote. Nikasema mimi, si nimezaliwa huko? Akasema kuzaliwa mahali si kupajua, hata kuku huzaliwa. Watu wakacheka. Lakini kura ya mikono ikapigwa, na Kitale ikashinda!

Niliruka moyoni. Basi litapita pale pale kwenye njia ya kuingia kwetu. Nitajifanya mgonjwa, niachwe hapo na mtoto, wao wapande mlimani, wanichukue wakirudi. Nani ataniuliza?

Kisha Mama Levi akainua mkono. Hajawahi kwenda ziara hata moja. Akasema yeye pia atakuja. Amesikia habari za hao ndovu.


Jumatano, 6 Agosti

Siku nzima nimekuwa mwalimu wa historia. Nilimkamua ng'ombe nikijisomea kwa sauti. Wazungu walikuja na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakavuka mto, wakajikatia mashamba mpaka macho yanapoishia. Hiyo naijua kwa sababu yako. Babu alikuwa mwendesha ng'ombe wa mzungu mmoja waliyemwita Bwana Subiri, kwa kuwa mshahara ukidaiwa alisema subiri. Ukazaliwa katika kijumba cha wafanyakazi, na ulisema mliona moshi wa jiko la wazungu na mkajua leo wanakula nini. Baadaye shamba likakatwa vipande, na wewe ukaolewa kwenye kipande kimoja cha shamba ulimozaliwa. Ulikuwa unasema umeolewa mbali sana, mpaka ng'ambo ya ua.

Nilicheka peke yangu kwa zizi. Ng'ombe akapiga ndoo teke. Maziwa yote chini.

Linet alipita akaniuliza kama nimeshapata mwaka ambao Kitale ilianza. Nikamwambia nitasema siku hiyo. Akasema yeye ameshautafuta kwa simu, nisijali, atanirekebisha mbele za watu kwa upole.

Mama Levi ananiangalia sana. Ameuliza mara mbili kwa nini natafuta leso nyeusi ya kwenda kuona ndovu. Nimemwambia nyeusi haishiki vumbi. Mwezi wa mvua! Vumbi gani?


Alhamisi, 7 Agosti

Mama, nimekuona. Nimechoka, magoti yananiuma, mtoto amelala, na nitaandika yote kabla hajaamka.

Makumbusho yalikwenda vizuri mwanzoni. Vipepeo waliobandikwa kwa pini, ndege waliokaushwa, chatu ndani ya kioo. Wamama walimwombea chatu ashindwe kwa jina la Yesu. Nikaeleza Kitale ilivyoanza. Linet akanirekebisha. Nikaeleza reli. Linet akanirekebisha. Nikasema kobe huyu ana umri mkubwa kuliko chifu. Linet akatoa simu atafute.

Tukapita njia ya Endebess. Moyo ulikuwa unanipiga mpaka mtoto akauhisi mgongoni akaanza kulia. Nilipoona ule mkaratusi mkubwa wa njia ya kwetu nikashika tumbo. Nikasema natapika, dereva asimamishe, niacheni hapa nipumzike. Mpango huo! Mama Levi akatoa ndimu kwenye mkoba, ameikata tayari. Linet akatoa mfuko wa karatasi. Mama mwingine tangawizi. Dereva akasema hapa kuna kona mbaya, hasimami. Tukapita. Nilinyonya ndimu nikiangalia mkaratusi ukirudi nyuma mpaka ukawa mdogo. Sijawahi kula kitu kichungu hivyo, na sikuwa mgonjwa.

Mapango. Kiongozi wa huko ni kijana Msabaot, Kiplimo, mcheshi. Aliniachia nieleze, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia wamama, "Wazungu walikuja na magari ya ng'ombe. Nyinyi Wabukusu mkaja na jembe la mahindi. Sisi tulikuwa hapa, tunakula asali, tunashangaa hawa wageni wataondoka lini." Wamama walicheka mpaka pango likacheka pia. Akaonyesha watu wake walikolala humo ndani na ng'ombe wao, kuta nyeusi kwa moshi wa zamani. Akaonyesha alama za meno ya ndovu. Ndovu mwenyewe hakuwepo. Linet akalamba ukuta, ati ahakikishe chumvi. Kiplimo akamweleza kwa heshima kwamba hapo ndipo popo wanapokaa.

Nilipaswa kufurahi. Nilisimama pale gizani nikifikiria tu kwamba siku imeisha, tumeanza kurudi, na basi halisimami.

Basi likasimama! Si kwa ujanja wangu. Dereva alikwepa trela la mbao, tairi likazama kwenye mtaro, mita chache baada ya mkaratusi wetu. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Wamama wote wakashuka kusukuma. Wenye watoto wachanga tukaambiwa tukae kando. Wanaume wakaanza kutoka mashambani kusaidia, na mmoja wao, Mama, alikuwa Khisa wako! Gumboti, koti lile la marehemu nani sijui, amenenepa. Kaka yangu akanipita hivi, karibu kunigusa, nikavuta leso mpaka puani. Nilitaka kumshika koti. Lakini nilijua angesema kama Mama Levi: rudi, uje na watu wako.

Nikamwambia mama mmoja naenda kutafuta maji ya mtoto. Nikashika njia.

Nyumba yako haipo. Hakuna aliyeniambia. Khisa ameibomoa, amejenga nyingine ya mabati ya bluu. Nilisimama uani nikitafuta jikoni kwako kwa macho, nikaona tu mahali ambapo nyasi hazijashika vizuri. Hakukuwa na mtu. Wote walikuwa barabarani wakishangilia basi. Hata mbwa.

Nikafanya ulivyotufundisha. Nikasimama mlangoni, mgongo kwa mlango. Mwanaume huzikwa kulia kwa nyumba, mwanamke kushoto. Kulia kulikuwa na tuta: huyo ni Mzee Hiram, kaka mkubwa wa baba, aliyekufa Mei. Yule asiyeoa, aliyekula jikoni kwako kila siku na kila siku akasema chumvi imezidi. Kushoto kulikuwa na tuta jingine, msalaba wake umeliwa na mchwa, jina halisomeki. Nikaenda kushoto.

Nikapiga magoti. Nikasema, "Mama, ni mimi Jentrix. Nimechelewa." Basi. Machozi yaliyokuwa yamekauka tangu Machi yakafunguka. Nililia mpaka nikasahau nimekuja kwa siri. Nikakuambia yote. Nilivyoumwa siku mbili. Nilivyouliza simu yako kwa nini haishikwi, wakasema haina chaji. Chuchu zilivyopasuka na sikuwa na wa kumuuliza. Kwamba nambari yako bado iko kwa simu yangu, na siku moja niliipiga na akashika mwanaume wa Kisumu, mpole sana, nikamwambia samahani nilitaka mamangu. Nikakuonyesha mtoto. Nikamnyonyesha hapo hapo, nimeegemea udongo. Akanyamaza, Mama! Alinyonya akalala, na mimi nikalala kidogo nikiwa nimekaa.

Honi ya basi ndiyo iliyoniamsha.

Nilipopanda, Linet akauliza kama maji yalikuwa Uganda. Mama Levi aliangalia magoti yangu, udongo mwekundu mpaka kwenye sketi. Akachovya kona ya leso yake kwenye chupa ya maji akanipangusa, goti moja, halafu la pili, kama mtoto. Akasema, "Haya. Tumeiona Kitale."


Ijumaa, 8 Agosti

Nimelala! Nimeamka mwepesi. Nimekula ugali wangu na wa Levi ambaye hayupo. Nimefua, nimepalilia sukuma, nimemsalimia Linet kwanza. Ana kidonda kwenye ulimi.

Mtoto alilia kidogo tu. Nilimwambia kwa ukali wa mama: umeshamwona bibi yako, sasa tulia. Akaniangalia kama mtu anayefikiria.

Mimi ni mtu wa mipango, watu waseme watakavyo.


Jumamosi, 9 Agosti

Sijui nikuambieje hii.

Wifi Cherop amepiga simu, mke wa Khisa. Yeye ni Msabaot, hucheka kabla ya kusema, lakini leo alikuwa ananong'ona. Akauliza kama nimeketi. Nikasema nakoboa mahindi. Akasema niketi.

Ati Alhamisi kulikuwa na basi limekwama, boma likabaki tupu, na jirani yetu Mama Jerono akaona kitu kupitia ua. Mwanamke mgeni. Leso nyeusi, mtoto mchanga. Analia juu ya kaburi la Mzee Hiram!

Nikamuuliza, la nani? Akasema la Mzee Hiram, yule wa kushoto. Nikamwambia kushoto ni Mama, wanawake huzikwa kushoto. Nikajaribu kusema hivyo kama mtu anayejadili tu. Akasema ndiyo, kushoto kwa ile nyumba ya zamani, ambayo mlango wake ulielekea mtoni. Khisa alipojenga hii mpya ameugeuza mlango uangalie lami, nyumba ionekane. Kwa hiyo kushoto kumekuwa kulia. Mama yuko kulia sasa, karibu na ndizi.

Mama. Ulikuwa karibu na ndizi.

Nilikuwa nimekupa mgongo.

Yote niliyokuambia aliyasikia Mzee Hiram! Hata habari za chuchu!

Cherop akaendelea. Mama Jerono ameapa kwamba mwanamke huyo alilia kama mke. Akamnyonyesha mtoto juu ya kaburi, na mtoto ana paji la uso la Hiram. Sasa kijiji kizima kimejua: mzee aliacha mke mdogo na mtoto. Watu wanasema kumbe ndiyo sababu alikuwa anakwenda Endebess kila soko na kurudi bila kitu. Cherop akasema siku ya mazishi yake hakuna aliyelia, watu walikuwa wanachungulia sufuria, na sasa amefurahi kujua kwamba mzee alipendwa na mtu. Akavuta kamasi.

Khisa halali. Anasema damu ya Hiram haiwezi kuachwa bila shamba.

Hapo ndipo Cherop akaniuliza: mimi kama binti wa boma, nimewahi kusikia habari za mwanamke huyu?

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu. Nikasema sijasikia. Tena nikaongeza kwamba nimeshangaa sana.

Halafu nimekwenda kwa zizi. Mlima ulikuwa na mawingu.


Jumapili, 10 Agosti

Wamama wamekuja baada ya kanisa, chai na mandazi. Mvua juu ya mabati. Mtoto alikuwa analia tangu kwenye sala. Mama Levi alimshika, akanivuta kando na kuniuliza kwa sauti ya chini, akiniangalia machoni: "Ulimlilia?"

Nikasema nililia.

Si uongo. Nililia.

Akasimama mlangoni akamwinua mtoto. Kwetu ndivyo ilivyo, marehemu wanaitwa mmoja mmoja, na jina ambalo mtoto atalinyamazia ndilo lake. Mama Levi akaita la mamake kwanza. "Nasimiyu!"

Mama, mtoto akanyamaza. Papo hapo. Chumba kizima kiliona. Akatoa hata kicheko. Linet akaanza kupiga makofi.

Mama Levi alisimama hapo na mtoto wake wa kiangazi mikononi, na nikaona anavyomvuta karibu na kidevu chake. Alimzika mamake zamani sana, akiwa msichana. Sikuwahi kufikiria kwamba yeye pia anamngojea mtu.

Kisha akasema mvua inapiga kelele, hakusikia vizuri. Akaita tena. "Nakhumicha!"

Mtoto akapiga yowe. Yowe la kuamsha ng'ombe!

"Amenyamaza," Mama Levi akasema, na kuwaangalia mmoja baada ya mwingine. "Si mmeona?"

Wamama wakaangaliana. Wakasema wameona. Linet akasema yeye hajaona. Mama Levi akamwuliza kama kile kidonda cha ulimi kimepanda machoni. Linet akaona.

Basi, ni Nakhumicha. Nilichotaka nimepata. Nilikwenda jikoni kuongeza chai nikasimama mbele ya moto. Amemtoa mamake kwa ajili ya magoti yangu mekundu, na ule udongo ulikuwa wa Mzee Hiram. Ilifaa nitoke nimwambie. Chai ikachemka, ikafurika. Nikapangusa meko.


Jumanne, 12 Agosti

Mtoto bado analia. Namwita kwa jina lako na analia. Nimemwita Nasimiyu mara moja, pole pole, tukiwa wawili tu, nione. Sitaandika kilichotokea.

Leo Khisa amepiga simu mwenyewe. Amempigia Mama Levi, si mimi, kwa heshima. Jumamosi wazee wa ukoo wanakutana nyumbani kuhusu mke wa marehemu Hiram. Mabinti wote wa boma wanaitwa, na watu wao. Mama Jerono atakuja kueleza alichoona. Wanatumaini mwanamke mwenyewe atasikia ajitokeze, apewe haki yake. Khisa ameshaacha kipande cha shamba kule chini mtoni hajakilima, cha mtoto.

Mama Levi ameshika kuku wawili na kuwafunga miguu leo, siku nne mapema, kwa furaha. Anasema hii ni bahati, hatungojei tena Desemba, nitapelekwa kwetu kwa heshima, mchana kweupe, nikulilie mbele za watu kama mtoto wa watu. Ananunua sukari. Amesema atatembea mbele yangu mpaka kaburini. Amenishonea lemba.

Kwa hiyo ningeweza kumwambia usiku huu. Yuko jikoni, anaimba, yuko peke yake. Ningemwambia: ni mimi yule mke wa Hiram. Angecheka au angenipiga, halafu angenipangusa tena. Nafikiri angenipangusa.

Lakini nimepata mpango mzuri zaidi.

Jumamosi sivai nyeusi. Navaa ya manjano, na miwani ya jua ya Linet, maana naye anakuja nasi. Mtoto nitamvika kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, paji lisionekane. Mama Jerono akianza kueleza, nitauliza kama mwanamke yule hakuwa na viatu vyeupe. Kwa upole tu. Kwa sababu siku ile basi lilipokwama, Linet naye alikwenda haja nyuma ya mahindi akakaa sana, na wamama wote ni mashahidi. Sisemi kitu. Nauliza tu! Wakati wamemgeukia Linet, mimi nateleza mpaka kwa ndizi, nakulilia haraka haraka, ya kweli, narudi kabla ya chai. Nani atajua?

Nimeyapanga yote. Yaliyobaki ni yako, Mama. Kama kuna njia ya kunitumia vitu kutoka huko uliko, bado nahitaji hivi:

Ubeti wa pili wa wimbo uliotuimbia tukilala. Wa kwanza ninao, naurudia mpaka mtoto anachoka nao.

Kipimo cha chumvi ya majivu kwenye kunde. Mimi nazidisha, na hakuna wa kuniambia kama Mzee Hiram.

Kujua kama mtoto wa miezi mitano akitoa mate hivi ni meno au ni ugonjwa.

Sauti yako ukiniita kutoka jikoni. Hata ya kunigombeza. Hata jina langu nusu.

Na mvua, Jumamosi asubuhi, kubwa, ya upande wa kwa Mama Jerono peke yake.